Vidole Viwili vya Shangazi

Mwalimu Mkuu hakuwaambia wakae. Viti vya wageni vilikuwapo viwili, vya plastiki, lakini kimoja kilikaliwa na mgeni na kingine kilikaliwa na mkoba wa mgeni. Basi Fundi na mkewe wakasimama mbele ya meza na mikono nyuma, watu wazima wale, utadhani wamekamatwa wakiruka ukuta wa shule.

"Tazameni hii," alisema Mwalimu Mkuu, akawarushia sketi.

Fundi aliidaka. Ilikuwa sketi ya bluu ya shule, ileile anayoishona kila mwaka, ila marinda yake yalikuwa yamesimama wima, moja baada ya jingine, bila hata moja kulegea. Akaikung'uta. Akaifinya kwa ngumi, akaiachia. Marinda yakarudi mahali pake.

"Mashine hiyo," alisema mgeni, ambaye alikuwa wakala wa kiwanda cha upande wa pili wa mji. "Dakika mbili, sketi moja. Haichoki, haiumwi, haiombi chai."

"Na zenu," Mwalimu Mkuu aliendelea, "zikifuliwa mara tatu tu, mtoto anaonekana amevaa gunia. Wazazi wanakuja kunifokea mimi, hawaji kuwafokea nyinyi. Sasa nisikilizeni. Sketi ni mia mbili na arobaini. Zamani niliwapa wiki mbili. Safari hii nataka nusu yake, mia na ishirini, Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Zikija, na marinda yakasimama hivyo, na nusu ya pili ni yenu. Zisipokuja, kazi yote inakwenda kiwandani, mwaka huu na miaka yote. Na mtu asinijie hapa na habari za tunajuana tangu lini."

"Leo ni Jumatatu, Mwalimu," alisema Fundi.

"Najua leo ni siku gani."

Walipofika nje ya geti Fundi alivua kofia, akaitazama ndani kama vile kuna jibu humo, akaivaa tena. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha kwa sababu ya wale mapacha wake wawili wasiotulia, alishika njia midomo inamcheza. Alikuwa anahesabu. Kazi za kila siku za mumewe ni kubadilisha zipu na kupunguza suruali, na hizo ni hela za mboga. Sare ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto. Na si wao peke yao. Wako wapiga pasi wanne, mkuu wao Shangazi, dada yake marehemu baba wa Fundi, ambao mwaka mzima wanaungoja msimu huu. Kila rinda wanalikunja kwa mkono, wanalibana kwa pini, wanalipiga pasi ya mkaa. Wanalipwa kwa sketi, na mwenye bidii anamaliza sketi nane kwa siku. Ukitoa siku za kukata na kupinda, wapiga pasi wangebakiwa na siku mbili. Piga hesabu mwenyewe. Fundi aliipiga mara tatu njiani, na mara zote tatu ilikataa.

"Tumekwisha," alisema.

"Hatujakwisha. Tembea upesi tukakate kitambaa."

*

Jumanne mchana Shangazi na wenzake, waliokuja kunyoosha vitambaa kabla ya kukatwa, walikwenda kula, na hapo ndipo mambo yalipoanza, tena kwa uzembe.

Chumba cha mbele ndicho karakana. Mna cherehani mbili, na meza ya kukatia ambayo ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, bado una kitasa chake, na kila anayepita hujigonga nacho nyonga. Juu ya meza hiyo Shangazi alikuwa ameacha pasi yake ya mkaa. Hakuiweka kwenye kigae chake. Aliiweka juu ya karatasi ya vipimo iliyokunjwa, akaenda zake kula.

"Huyu mama ataniunguzia karatasi zangu!" Mama Pacha aliruka, akaiondoa pasi, akaikunjua karatasi aone hasara. Karatasi ilikuwa nzima. Lakini ndani ya mkunjo palikuwa na kitambaa, kipande kidogo cha sare kilichosahaulika wakati wa kukata, nacho kimetoka na mkunjo mkali ajabu.

Akakivuta huku na huku. Mkunjo ukarudi. Akakitia kwenye beseni la maji, akakisugua, akakikamua kwa hasira kabisa. Mkunjo upo.

"Baba Pacha! Acha hiyo cherehani, njoo!"

"Nina pindo sabini hapa, mwanamke."

"Njoo nakwambia!"

Alimwonyesha. Fundi akakitazama kile kitambaa, akakifinya, akamtazama mkewe.

"Sisi tunahangaika na rinda mojamoja," mkewe alisema, na sauti ilikuwa inamkimbia. "Tukiikunja karatasi marinda yote mara moja, kitambaa kikalala ndani, si karatasi ndiyo itakayokikunja? Karatasi mbili, moja chini, moja juu. Kitambaa katikati. Unafunga, unatia joto, unafungua. Sketi nzima kwa mpigo mmoja! Tena karatasi haiishi, unaitumia tena na tena!"

"Itachanika."

"Hii itachanika. Hii ni karatasi gani hii." Akatoka mbio hadi kwa jirani yao Mwashi, aliyekuwa anajenga ukuta wa nyumba ya pili, akaomba mifuko mitupu ya saruji.

"Unajenga nini, Mama Pacha?" Mwashi aliuliza.

"Ghorofa."

"Basi uninunulie mimi kiwanja cha jirani," alisema Mwashi, akamkung'utia mifuko sita.

Mchana ule ulikuwa mchana gani! Shangazi na wenzake waliporudi kutoka kula, Fundi aliwarudisha nyumbani, eti pindo hazijakamilika, waje kesho. Mama Pacha akapasua mifuko, akaifuta vumbi, akaigandisha miwili miwili kwa wanga, akachora mistari kwa chaki, mweupe wa kukunja juu, mwekundu wa kukunja chini. Akakunja. Kiuno kikawa kipana. Akakunjua, akachora upya. Kiuno kikawa chembamba. Mara ya saba Fundi akasema, "Turudi kwenye pasi, mke wangu, muda unakwenda." Mkewe akakunjua, akachora upya. Mara ya kumi na moja, jua linazama, alikilaza kitambaa, akafunika, akafunga kwa kamba, akaweka kitambaa kibichi juu na kukandamiza kwa pasi mbili. Wakangoja. Alipofungua, marinda ishirini na manne yalisimama mbele yao kama yale ya kiwandani, bali mazuri zaidi, maana haya ni yao.

Fundi akapiga yowe. Akamshika mkewe kiuno, akamzungusha, akajigonga na kitasa, akaendelea kucheza akiwa anachechemea. Mama Pacha alicheka hadi akaketi sakafuni. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakumbuki lini mara ya mwisho alifurahi hivyo kwa kitu alichokitengeneza kwa kichwa chake.

Laiti wangeishia hapo.

*

Lakini Fundi ana redio. Na kwenye redio hiyo, mwezi uliopita, alimsikia mtu aliyegundua kifuniko cha chupa, kifuniko tu jamani, akawa tajiri wa kutupwa. Habari ile ilimkaa kichwani ikafanya makao.

"Hiki kitu asikijue mtu," alimwambia mkewe. "Wala Shangazi. Hasa Shangazi. Yule akijua saa mbili, saa tatu mtaa mzima unajua, saa nne kiwanda kinajua. Tutafunga mlango, tutafanya wenyewe. Nusu ya pili tukiipata, nanunua cherehani ya tatu, naandika jina langu ukutani kwa rangi."

"Jina lako?"

"La kwetu. Unajua ninavyosema."

"Na Shangazi tutamwambia nini kesho?"

"Mimi nitajua."

Jumatano saa moja asubuhi Shangazi alifika na wenzake watatu. Ili kuokoa muda alikuwa ameshawasha mkaa nyumbani, akaja na pasi yake inafuka moshi, mtaa mzima unaona kwamba mama huyu anakwenda kazini. Akasukuma mlango. Umefungwa. Ndani kunasikika watu wanakimbizana.

"Hodi!"

Dirisha likafunguka kidogo, likatokea jicho la Fundi.

"Shangazi, shikamoo. Leo hakuna kazi."

"Hakuna kazi? Na sketi mia na ishirini zinapigwa pasi na malaika?"

"Tumepata njia nyingine."

"Njia nyingine." Shangazi aliwatazama wenzake, halafu akalitazama tena lile jicho. "Njia gani isiyopitika na mimi ndani?"

"Ni mambo ya kitaalamu, Shangazi. Nitakuja kukueleza."

Dirisha likafungwa. Wale wanawake wanne walisimama wasijue waondokeje. Jirani mmoja aliyekuwa anafagia akaacha kufagia. Mwashi, juu ya jukwaa lake, akajifanya anatafuta mwiko. Shangazi akatembea hadi mtaroni, akafungua pasi, akamwaga mkaa wote wenye moto ndani ya maji machafu, na ule mlio wake ulisikika hadi ndani, kwenye masikio ya Mama Pacha. Kisha akaondoka na pasi baridi mkononi. Ilimuuma sana. Aliwaambia wenzake kwamba ni jua tu linalomtoa machozi.

Ndani, kazi ilikuwa na matatizo yake. Karatasi moja. Pasi mbili. Watu wawili, mmoja wao ni lazima atoke kila mara kushona mikanda. Kulaza kitambaa vizuri kunataka mikono minne, kufunga kunataka sita. Wakachapa kazi hadi jioni, wakahesabu. Sketi tisa.

"Shangazi peke yake angepiga nane," alisema Mama Pacha.

"Ni kwa sababu tunaanza."

"Baba Pacha, imebaki mia na kumi na moja na siku moja na nusu. Tuite watu."

"Kesho tutaenda kasi. Usiniharibie."

Na sasa ninapolisimulia hili, naomba msimcheke sana, maana alifanya kwa nia njema. Kabla ya kulala Fundi aliwaza: mwizi akiingia akaikuta karatasi na ile mistari myeupe na myekundu, si atasoma kila kitu? Basi akachukua kitambaa chenye maji, akaifuta mistari yote. Halafu akawaza tena: na hata bila mistari, mwizi akiiona si ataibeba? Basi akaitandaza vizuri chini ya godoro. Wakalala juu yake, yeye na mkewe na uzito wao wote.

*

Alhamisi asubuhi Mama Pacha aliiuliza karatasi iko wapi. Fundi, kwa majivuno kidogo, akainua godoro.

Ilikuwa imenyooka kama jamvi. Unyevu uliilainisha, godoro likaikandamiza, hakuna rinda, hakuna mstari, hakuna kitu. Ni mfuko wa saruji.

Mama Pacha aliketi kitandani, akaishika ile karatasi mapajani.

"Ulifuta?"

"Wasituibie."

"Wakina nani, Baba Pacha? Wakina nani hao? Umetuibia wewe!"

Akachukua rula na chaki, akachora upya harakaharaka, akakunja, akalaza kitambaa, wakapiga pasi. Marinda yalisimama vizuri, lakini mkanda ulipozungushwa, kitambaa kilikuwa kifupi kwa upana wa kiganja kizima. Kila rinda lilikuwa limezidi kidogo tu, unene wa chaki, na marinda yako ishirini na manne. Akajaribu tena. Safari hii kikazidi. Saa tatu ilikuwa imepita.

"Shangazi hapimi kwa rula," alisema, akaitupa rula ukutani. "Anaweka vidole viwili, juu anabana, chini anaachia, akifika mwisho kiuno kimetimia. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona anakosea. Nenda kamlete."

"Mimi?"

"Nani alifunga mlango?"

Shangazi alikaa nyumba ya tatu. Fundi alimkuta uani na wenzake, wanachagua vipande vya mkaa vinavyofaa kuuzwa. Hakumpa kigoda. Fundi akachuchumaa.

"Shangazi, shikamoo."

"Mtaalamu! Umetutembelea."

"Shangazi, nimekosa."

"Sema kwa sauti, mwanangu, mwenzangu huyu mmoja masikio yake mazito."

"Nimekosa!" alisema Fundi, na nyumba ya jirani ikasikia. Akaeleza yote, kitambaa, karatasi, mistari, godoro. Alipofika kwenye godoro yule mama mwenye masikio mazito ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza. Wakacheka wote hadi mmoja akaangusha ungo wa mkaa. Shangazi alijizuia, akajizuia, mwisho akashindwa.

Alipomaliza kucheka alijipangusa macho na kukaza uso.

"Nitakuja. Lakini nijibu kitu kimoja. Hiyo karatasi yenu ikiweza, kazi yetu ya wiki mbili itakwisha kwa siku tatu. Sivyo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na zile siku nyingine sisi tutakula nini?"

Jambo hilo Fundi hakuwa amelifikiria hata dakika moja. "Tutaongea," alisema.

"Tutaongea," Shangazi alirudia polepole, akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Haya, wenzangu. Inukeni."

*

Sijui nianzie wapi kuisimulia Alhamisi ile. Shangazi aliingia, akapita pembeni ya kitasa bila hata kukitazama, akakunja karatasi ya kwanza kwa vidole vyake viwili, bila rula, huku anaongea habari za mkwe wake. Mkanda ulipozungushwa, ulikutana. Mama Pacha akambusu shavuni.

"Sasa fanya nyingine," alisema. "Fanya kumi! Kwa nini tuwe na moja?"

Mlango ukawa wazi. Mwashi akateremka jukwaani na mifuko yake yote, akaleta na uzi wake wa kunyooshea ukuta ili mikunjo isiende upande. Akaona wanavyofunga kwa kamba na kamba inalegea, akaguna, akaenda, akarudi na mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu. "Hii ukifunga haikuachii," alisema. Naam, haikuwaachia.

"Pasi inatuchelewesha," Mama Pacha alilalamika. "Joto linafika juu tu, chini halifiki."

Hapo ndipo Mama Sufuria alipoingia, yule anayewapikia wajenzi. Alikuja kuuliza mbona Mwashi hajaja kula. Akasimama mlangoni akatazama.

"Nyinyi mnapika kwa kuweka moto juu ya chakula?" aliuliza. "Mimi chakula cha jana nakipashaje? Maji chini, vijiti katikati, chakula juu, nafunika. Mvuke unaingia kila mahali."

Watu wakatazamana.

"Lete sufuria!" walisema watatu kwa pamoja.

Sufuria ililetwa, ile kubwa ya watu arobaini. Wakasimamisha humo karatasi sita zilizofungwa, wakafunika kwa gunia. Robo saa. Walipozitoa zinafuka, kila mtu alitaka kufungua yake. Marinda yalikuwa makali mbele na nyuma, juu na chini.

"Ngoja," alisema Shangazi. "Maji hayo tieni siki. Kikombe kimoja."

"Siki?" Fundi alishangaa.

"Mimi nilikuwa nanyunyizia siki zile sketi za watoto ninaowapenda, mkunjo haukimbii. Hukuniuliza kwa nini za mapacha wako hazijalegea?"

"Miaka yote hiyo unajua na hukusema!"

"Ulikuwa unanilipa kwa sketi, hukunilipa kwa kusema."

Wakatia siki. Chumba kikanuka kama kachumbari. Mmoja analaza, wawili wanafunika, mmoja anafunga, Mama Sufuria kwenye moto anapiga kelele "Tayari!", Fundi na mkewe kwenye cherehani wanatia mikanda, miguu inachezea pedali. Kila baada ya muda mtu anapata wazo na wengine wanalijaribu papohapo. Tukizipanga wima? Tukizipoza nje kabla ya kufungua? Jaribu! Likishindikana wanacheka, likifaulu wanapiga makofi. Yule mama mwenye masikio mazito, ambaye hakuna aliyewahi kumwomba ushauri wa chochote, ndiye aliyegundua kwamba ukifungua kuanzia katikati marinda hayachomoki, akatembea kifua mbele hadi jioni. Fundi aliwatazama akasahau kabisa mambo ya redio. Alikuwa na furaha hadi ikamtisha.

Jua lilipozama zilikuwa zimetimia themanini na sita. Ijumaa alfajiri walirudi wote bila kuitwa.

*

Saa tano na robo siku ya Ijumaa waliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na marobota manne. Wakala wa kiwanda alikuwepo tena, na mkoba wake ulikuwa kwenye kiti chake cha kawaida. Safari hii Shangazi aliuinua, akamkabidhi mwenyewe, akakaa.

Mwalimu Mkuu akahesabu. Mia na ishirini. Akachomoa moja ya katikati, akamwita mfagizi alete beseni. Akaichovya mwenyewe, akaisugua, akaikamua, akaitundika dirishani. Maji yakachuruzika, na marinda yakasimama mojamoja hadi yote ishirini na manne yakawa mahali pake.

"Mmenunua mashine?" aliuliza wakala, akaisogelea, akainusa.

"Hatujanunua," alisema Fundi.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Mkuu, na kweli alipendezwa, uso wake ulifunguka. "Kazi nzuri. Nusu ya pili ni yenu. Ila sasa nyinyi mnafanya kwa siku nne kazi ya wiki nzima. Jasho limepungua. Na bei nayo ipungue. Tuseme robo."

Fundi, kwa vile alikuwa bado anaogelea kwenye furaha, alishaanza kuitikia kwa kichwa. Mama Pacha akamkanyaga mguu.

"Mwalimu," alisema, "wewe unanunua sketi au unanunua jasho?"

"Kiwanda kitanipa kwa bei hiyo."

Wakala akatabasamu.

"Kiwanda kitakuletea lini?"

Mwalimu Mkuu akamgeukia wakala. "Wiki tatu," alisema wakala. "Tuna foleni."

"Shule inafunguliwa Jumatatu," Mama Pacha alisema. "Kila mwaka wiki ya kwanza na ya pili unawarudisha watoto getini kwa kukosa sare, na wazazi wanakuja kukufokea. Mwaka huu nusu ya pili nakuletea Jumapili. Jumatatu hakuna mtoto atakayerudishwa. Bei ni ileile. Ukipunguza robo, nakuletea baada ya wiki mbili kama zamani, jasho likiwa limetimia."

Mwalimu Mkuu alimtazama mwanamke huyu ambaye Jumatatu hakufungua mdomo. Kisha akafungua droo, akatoa bahasha.

"Jumapili saa nne," alisema. "Na nani hasa aliyegundua jambo hili? Nataka kuandika kwenye taarifa ya shule."

Wote wakamtazama Fundi. Hili ndilo swali alilolilalia tangu Jumanne, na jibu lake alikuwa nalo tayari, limenyooka. Akakohoa. Akamtazama mkewe, akamwona Shangazi na vidole vyake vimefura kwa mvuke, amevilaza mapajani.

"Mwalimu, mimi nilifunga mlango tu," alisema. "Andika mke wangu alianza. Halafu acha nafasi kubwa, maana ni wengi."

*

Nje ya geti Fundi alihesabu zile hela, na mwili ukamsisimka. Nusu ya bei yote, bila kupunguzwa. Cherehani ya tatu ilikuwa inamwita kwa jina. Na hesabu ilikuwa rahisi: wapiga pasi wamefanya siku moja na nusu. Akiwalipa siku moja na nusu, hakuna atakayesema amedhulumiwa, na cherehani anainunua jioni hii hii.

"Mwanangu," alisema Shangazi. Wenzake walikuwa nyuma yake. "Ulisema tutaongea. Haya, tuongee. Sisi unatulipa siku au unatulipa sketi?"

Fundi akamtazama mkewe amsaidie. Mama Pacha alikuwa anatazama barabara. Alikuwa na jibu lake, lakini alitaka kusikia mumewe atasema nini bila kukanyagwa mguu.

Akazihesabu tena, polepole. Ilikuwa vigumu, nisiwadanganye. Jasho lilimtoka hadi kwenye kofia.

"Sketi," alisema. "Mia na ishirini zote. Na zile tisa tulizofungia mlango, nazo zimo. Kama zamani. Na za Jumapili vilevile."

Wale wanawake watatu wakapiga kelele, mmoja akamrukia Mama Pacha shingoni, mwenye masikio mazito akauliza amesema nini, akaambiwa, akapiga kelele peke yake. Fundi akamwekea Shangazi hela zake kiganjani. Shangazi hakupiga kelele. Alizikunja, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa barabara, na machozi yakaanza kumtiririka mbele ya watu.

Mama Pacha akamwinamia kwa hofu. "Shangazi! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi," alisema Shangazi. "Hicho ndicho kinachoniliza. Miaka thelathini na mmoja napiga marinda, na leo ndiyo mara ya kwanza napokea hela yangu na mgongo hauniumi."